Kuvua maji ya fizi kwa kikaratasi: shajara ya mradi

Wiki ya 1, Jumatatu

Haya naanza. Supavaiza kasema kila kitu kiandikwe, hata ujinga, tena hasa ujinga, kwa iyo msishangae mkikuta humu mengi ya aibu.

Kwa asiyejua tunahangaika na nini: kati ya jino na ufizi kuna kijimfereji. Kwa mtu mwenye fizi nzima kina chake ni milimita 1 mpaka 3 hivi, na humo ndani kuna maji yanachuja polepole kutoka kwenye vimishipa vya damu vilivyo chini ya ufizi. Sio mate, mate yana tezi zake na njia zake. Ufizi ukivimba haya maji yanaongezeka, yanakuja na chembe nyeupe za damu na vimeng'enya vyake, na kati ya hivyo kuna kimoja kinaitwa MMP-8 ambacho kazi yake ni kukatakata kolajeni, yaani zile nyuzi zinazoshikilia jino lisitembee. Icho ndo tunakitafuta. Tunataka kukilinganisha kwa watu 20 wenye kisukari na 20 wasio nacho, wote fizi zao zinaumwa. Basi, ndo mradi mzima, ukiuelezea kijiweni unaonekana kazi ya wiki mbili.

Ishu ni kiasi. Tone moja la maji ya bomba ni kama maikrolita 50. Ufizi mzima kwa sekunde 30 unaweza usikupe hata maikrolita 0.2. Ulioumwa unakupa zaidi ila bado unazungumzia kitu ambacho ukipiga chafya kimepotea.

Wiki ya 1, Alhamisi

Leo kutwa nzima kukata karatasi. Vikaratasi vya kununua vilivyo tayari vipo, ila bei yake kwa dola ukijumlisha na usafiri mpaka Dar bajeti yetu inazimia, kwa iyo tumechukua karatasi ya kuchujia ya Whatman na tunakata wenyewe, upana milimita 2, urefu milimita 10, juu ya kioo, rula ya chuma na wembe wa skapeli. Vile 60 vya kwanza nimevitupa vyote. Wembe ukishakata kama 15 unaanza kuvuta badala ya kukata, na ukingo unabaki na manyoya, na manyoya hayo yanaenda kubaki kwenye ufizi wa mtu. Teknishani wa maabara kapita akaangalia akaniuliza, dokta, hivi ni vya kupimia fizi au vya kujazia mto?

Tumeviweka kwenye otokleivu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, vikatoka vimejikunja kama maganda ya karanga na vina unyevu, ikabidi virudi kwenye oveni vikauke. Kuanzia sasa vinalala vimebanwa kati ya vioo viwili.

Wiki ya 2

Tunajifunzia midomoni mwetu kwanza. Nitaandika hatua vizuri kwa sababu nimegundua kila mtu kwenye timu alikuwa anafanya ya kwake.

Pamba pande zote mbili za jino, upande wa shavu na wa ulimi. Ukoga ulio juu ya ufizi unauondoa taratibu na kifaa kisiguse ufizi kabisa, ukigusa umeshaharibu. Alafu unakausha kwa hewa ya sirinji ya kiti cha meno, sekunde 5 zinatosha, na hewa iende kwa ubavu, sio uelekeze bomba ndani ya mfereji kwa sababu utakuwa umeyapuliza nje maji yaleyale uliyoyafuata. Sasa ndo unashika kikaratasi kwa kibanio, unakiteremsha kando ya jino mpaka usikie kitu kimekugomea kidogo tu, hapo unasimama. Usisukume. Unahesabu sekunde 30, mkono haupumui.

Mwenzangu wa utafiti kanikalia leo, jino la juu la mbele upande wa kulia, ana ufizi umevimba kidogo kwa kazi za usiku na uvivu wa mswaki (kakubali mwenyewe). Nimeona karatasi inabadilika rangi kuanzia nchani, weupe unakuwa kijivu na kijivu kinapanda taratibu kama chai inavyopanda kwenye andazi ukilichovya. Nikafurahi kama mtoto. Sekunde ya 22 ukatokea uzi mwekundu mwembamba pembeni ya karatasi. Damu. Kikaratasi kwenye takataka.

Damu ndo adui namba moja, na watu wanadhani ni kwa ajili ya usafi tu. Damu ina protini nyingi mno na ina hizo chembe nyeupe zenyewe zilizojaa MMP-8, kwa iyo kikaratasi chenye damu hakikwambii kinachopita kwenye mfereji, kinakwambia umemchoma mtu.

Tulibishana pia karatasi iingie kiasi gani. Kumbe mabishano ya zamani haya. Watafiti Brill na Krasse mwaka 1958 walidunga mbwa dawa inayong'aa kwenye damu na baada ya muda mfupi wakaikuta kwenye vikaratasi walivyochomeka kwenye fizi, ndo watu wakaamini maji yanatoka kwenye damu kweli. Alafu mwaka 1965 Löe na Holm-Pedersen wakaja na hoja kwamba ukisukuma karatasi ndani wewe mwenyewe unaukera ufizi na unayaita maji ambayo hayakuwepo, wao wakawa wanailaza mdomoni mwa mfereji tu, na kwa fizi nzima wakawa hawapati kitu. Sisi tumechukua katikati, inaingia mpaka kizuizi cha kwanza. Ni maridhiano, sio kwamba tuna uhakika kuliko wazee.

Wiki ya 3, Jumanne

Wagonjwa wa kwanza wanne, vikaratasi 16, vyenye damu 11. Nimerudi nyumbani na daladala nimesimama na sikusikia hata uchovu wa miguu.

Kosa ni letu na ni la kijinga. Tulikuwa tunapima kwanza kina cha mifuko ya fizi (ule mfereji ukiumwa ukazama ndo unaitwa mfuko) kwa probu, kijiti chembamba cha kupimia, ili tujue sehemu gani zimeumwa zaidi, alafu hapohapo tunachukua sampuli kwenye sehemu hizo. Probu ndani ya ufizi ulioumwa, lazima utoe damu! Kutoa damu ukiguswa ndo dalili yenyewe tunayoiandika kwenye fomu. Yaani tulikuwa tunaandika "unatoa damu" alafu dakika mbili baadae tunashangaa karatasi ni nyekundu.

Wiki ya 3, Ijumaa

Tumebadili utaratibu. Siku ya kwanza mgonjwa anapimwa kina, tunachagua sehemu 4 zilizozama zaidi, kila robo ya mdomo moja. Anarudi baada ya siku kadhaa, na siku hiyo hakuna kinachogusa ufizi kabla ya karatasi. Maana yake nauli mara mbili, na nauli ya kurudi tumeamua kuilipa sisi, mtu hawezi kutoka Mbagala kuja kukupa maji ya fizi bure alafu arudi kwa miguu. Kwenye bajeti haikuwepo. Supavaiza kavuta pumzi ndefu alafu akasaini.

Leo: vikaratasi 12, chenye damu 1.

Wiki ya 4

Huyu mzee lazima nimuandike. Ana kama miaka sabini, amevaa kofia yake safi na kanzu, anahudhuria kliniki ya kisukari miaka mingi. Nikamwamkia, nikamuelezea fomu ya ridhaa yote, akanisikiliza kimya mpaka mwisho, alafu akasema: "Binti yangu, zamani tulikuwa tunatishiwa mumiani ananyonya damu. Sasa nyie mmeona damu haitoshi mnanyonya na maji ya fizi, mnakwenda kumuuzia nani?"

Chumba chote kikacheka, na mimi nikacheka, ila nilijua anauliza kweli. Nikachukua kikaratasi kipya nikamuwekea kiganjani akiguse, nikadondosha maji kidogo kabisa kwa pipeti akaona yanavyofyonzwa, nikamwambia mzee wangu, kutoka kwako tunachukua chini ya hapo, na hata tungekuwa wezi hakuna dukani pa kuuzia. Akakiangalia muda mrefu. Akauliza itamsaidia nini yeye. Hapo sikutaka kudanganya, nikamwambia sampuli yenyewe haitamsaidia, ila tukishamaliza kuchukua tunamsafisha ugaga wote na hilo halina malipo. Akasaini.

Tumeongeza hilo la kiganjani kwenye utaratibu wetu. Nilikuwa naiona fomu ya ridhaa kama karatasi za ofisini tu, kumbe kurasa tatu nilizomsomea hazikumfikia, kilichomfikia ni kile kipande cha milimita 10.

Alikuwa na mfuko wa milimita 7 nyuma ya gego la chini na kikaratasi kililowa karibu chote. Hakina damu hata kidogo. Mkono wangu umeanza kutulia.

Wiki ya 5

Ishu ya chai.

Kutafuna kunaongeza maji ya fizi, kupiga mswaki pia, kwa iyo tunataka watu waje asubuhi, saa 3 mpaka saa 5, hawajala. Na wa kisukari wengi wanakuja hawajala tayari kwa sababu ya kupima sukari. Tukaona tumepata bahati. Wiki iliyopita nikamwambia mama mmoja ambaye ameshatolewa damu kwamba asubiri kidogo asinywe chai, nimalizie na yule aliye kwenye kiti. Sista wa kliniki akanivuta pembeni, na hakunong'ona: "Dokta, huyu ameshachoma insulini nyumbani. Akinidondokea hapa sukari ikishuka nani ataenda kumueleza mumewe, wewe na vikaratasi vyako?"

Alikuwa sahihi asilimia mia, na mimi ndo niliyesoma vitabu. Sheria mpya: aliyechoma dawa hasubirishwi hata dakika moja. Mgonjwa wa utafiti anapewa namba ya kwanza, anachukuliwa sampuli, inachukua dakika 10 kwa sehemu zote 4, na nje kuna chupa ya chai isiyo na sukari na chapati tunazonunua kwa mama wa getini. Kama foleni imechelewa, anakula, na sampuli inahamia siku nyingine. Tumepoteza wawili hivyo wiki hii, hawakurudi. Sawa.

Na swali la mswaki lina mtego wake. Tunauliza umepiga mswaki asubuhi, mtu anajibu hapana, alafu unagundua katumia mswaki wa mti njiani, kwa akili yake huo ni kitu kingine. Sasa tunauliza umesafisha meno kwa chochote.

Wiki ya 6

Wiki mbaya kuliko zote na nitaieleza yote.

Ili kujua kiasi cha maji kwenye karatasi kuna kimashine kinaitwa Periotron, unaweka karatasi kati ya vidomo viwili vya chuma kinapima umeme unavyobadilika kwa unyevu, sekunde chache una namba. Hatuna. Mpango wetu ulikuwa mizani: unapima kichupa na karatasi kavu, unachukua sampuli, unapima tena, tofauti ndo maji, maikrolita 1 ni kama miligramu 1. Kwenye pendekezo la utafiti tuliandika sentensi moja tu, "kwa njia ya uzito", na wote tukaipita kama tunapita kituo ambacho hatushuki.

Sasa piga hesabu ambayo tulipaswa kuipiga mwanzo. Kikaratasi chetu chenyewe kina uzito wa miligramu 1.7 hivi. Maji tunayotafuta, tuseme miligramu 0.3. Mizani yetu inasoma mpaka miligramu 0.1. Yaani namba ya mwisho ikicheza mara moja tu, theluthi ya jibu imeondoka. Na kichupa cha plastiki tunachokipimia ni gramu nzima, ukikishika bila glavu alama ya kidole inaonekana kwenye kioo cha mizani kama vile ni sampuli. Feni ikizunguka namba inatembea. Kiyoyozi, namba inatembea. Karatasi kavu ukiitoa kwenye oveni ukaiacha mezani kwa hewa ya Dar inakunywa unyevu yenyewe, na kinyume chake ile iliyolowa inakauka wakati wewe unasubiri namba itulie. Nimepima kikaratasi kimoja kikavu mara 10 mfululizo, nimepata majibu manne tofauti.

Tulikaa na supavaiza mpaka saa 1 usiku. Mwisho akasema, mnang'ang'ania ujazo wa nini? Alafu akatukumbusha kitu: mfuko wa milimita 5 una kama maikrolita 0.5 tu za maji kwa wakati mmoja, lakini kwa hesabu za mtafiti Goodson maji hayo yanabadilishwa kama mara 40 kwa saa. Ni mto, sio kisima. Sasa ukisema MMP-8 ni kiasi fulani kwa kila mililita, umegawanya namba nzuri kwa ujazo ambao umeupima vibaya, na kosa la ujazo limeingia kwenye jibu lote. Kuna watafiti tangu miaka ya 1980 wanasema ripoti jumla, yaani kimeng'enya chote kilichonaswa na karatasi kwa sekunde 30, basi. Muda tunaweza kuupima. Saa ya ukutani haichezi na feni.

Kwa iyo ujazo umetoka kama kipimo kikuu, sekunde 30 ndo zimekuwa roho ya mradi. Kuanzia leo anayechukua sampuli hahesabu mwenyewe, kuna mtu wa pili na stopuwochi, kwa sababu nimejipima nikiwa nahesabu kichwani mgonjwa anapokohoa, "sekunde 30" zangu zilikuwa 37.

Nina huzuni kidogo na zile asubuhi tatu kwenye mizani ila wacha.

Wiki ya 7

Umeme ulikatika Jumapili, jenereta ikachelewa, friza ya mainasi 80 ilipanda mpaka mainasi 61. Sampuli zipo salama. Nimeandika saa na nyuzi kwenye daftari, na nimegawa vichupa: nusu friza hii, nusu ya jengo la pili.

Kumbusho kwa anayekuja baada yangu: vikaratasi 4 vya mtu mmoja vinaingia kichupa kimoja chenye maikrolita 200 za bafa (maji ya kutunzia sampuli) na dawa ya kuzuia vimeng'enya visilane vyenyewe, na kichupa kinakaa kwenye barafu tangu kabla ya karatasi kuingia, sio baada. Kuchanganya nne pamoja kunaniuma kwa sababu ufizi wa nyuma na wa mbele una hadithi tofauti, ila kit ya ELISA, yaani ya kipimo cha maabara kitakachotuambia MMP-8 ni kiasi gani, tumenunua moja.

Wiki ya 8

Ramadhani imeanza. Kuna mama lishe mmoja yupo kundi la wasio na kisukari, tulimpata kwa sababu huwa anamsindikiza mumewe kliniki. Siku yake ya kurudi ilikuwa leo, kafunga. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hicho kikaratasi hakinifunguzi?"

Nikasema mama, mimi najua fizi, hilo muulize shehe wako, na kama una wasiwasi tunasubiri mpaka Idi, nafasi yako haiendi popote. Akafikiri, akasema basi Idi. Alafu akageuka mlangoni, akaongeza kwamba hata hivyo mwezi huu hatafuni kitu mchana kutwa, ningempata vizuri. Kasoma mradi kuliko baadhi yetu.

Wiki hii pia nimemaliza kumsafisha ugaga yule mzee wa mumiani, vikao viwili. Ananiuliza kila akija kama tumeshapata mnunuzi.

Kwa nini kisukari na fizi hasa, kuna aliyeniuliza. Yule Löe wa 1965 ndo huyohuyo ambaye mwaka 1993 aliandika kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kama tatizo la sita linaloletwa na kisukari, baada ya yale ya macho, figo, mishipa na mengine. Na kliniki za kisukari nilizopita mimi miguu inaangaliwa, macho yanaangaliwa, mdomo haufunguliwi mpaka mtu alalamike jino.

Wiki ya 9

Hesabu ya sahani. Sahani ya ELISA ina vishimo 96. Sampuli 40, kila moja mara mbili, ni 80. Vipimo vya kulinganishia 7 na kimoja kitupu, navyo mara mbili, ni 16. Jumla 96. Hakuna kishimo hata kimoja cha akiba, na mtu akiniuliza kwa nini watu 40 na sio 60, jibu la kitaalamu lipo kwenye pendekezo na jibu la kweli ni hilo.

Tumejaribu mkono kwanza kwa vipande vya sahani ya zamani iliyopita muda, maji tu na rangi, kuona kama naweza kupipeti vishimo 96 bila kuruka kimoja. Nimeruka kimoja, safu ya F. Teknishani kanionyesha ujanja wake: anaweka sahani juu ya karatasi nyeusi, kishimo kikavu kinaonekana hapohapo.

Wiki ya 9, Ijumaa

Mpaka leo watu 38 wamekamilika. Anayebaki ni mama lishe baada ya Idi, na bibi mmoja wa Mbagala ambaye ameahirisha mara mbili kwa sababu ya mjukuu, nimempigia leo kasema Jumatano akijaliwa. Sahani imewekewa nafasi wiki inayofuata Idi, siku ya Alhamisi, kuanzia saa 2 asubuhi.

Vikaratasi vilivyobaki kwenye kichupa: 31. Vinavyohitajika: 8. Jumamosi nakata vingine hata hivyo, wembe mpya nimeshanunua.